Kitambaa Chini ya Dhahabu

Kadi yenyewe haizidi kiganja cha mkono. Upande mmoja ina sala, upande wa pili picha: mama aliyejitanda ushungi wa buluu iliyokolea, mtoto mkononi mwake, na nyuma yao dhahabu tupu, bila mti, bila nyumba, bila mbingu. Wakatoliki wa Kenya wanaijua kwa jina la Mama wa Msaada wa Daima. Huuzwa kwenye viduka vya parokia kwa pesa kidogo, hutiwa plastiki, kisha huishi miaka mingi katika kipochi kimoja na kitambulisho, kadi ya benki na beji ya kazi. Katika mji kama Athi River, Machakos, ambako asubuhi umati wa mafundi wa nguo hutiririka kuelekea lango la EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, huku malori ya saruji yakiwatimulia vumbi, kadi ya namna hiyo haina ugeni wowote. Ugeni uko ndani ya picha. Kiatu kimoja cha mtoto kimechomoka. Kimeshikwa na ukanda mmoja tu, kinaning'inia. Mtoto amegeuza shingo, ameona kitu kilichomtisha, na mikono yake yote miwili imeng'ang'ania mkono wa mama. Alichokiona kipo hapohapo juu: malaika wawili, Mikaeli ameshika mkuki na sifongo, Gabrieli ameshika msalaba na misumari. Mama hamtazami mtoto wala malaika. Anamtazama yeyote aliyeishika kadi.

Picha hiyo si ya Kizungu kwa maana tuliyoizoea tunaposema hivyo. Ni ikoni, imechorwa kwa mtindo wa wachoraji wa Krete, na tangu mwaka 1866, Papa Pius IX alipoikabidhi kwa shirika la Waredemptoristi kule Roma, imenakiliwa pasipo hesabu. Kwa hiyo teolojia nzima ya Wakristo wa Mashariki, iliyopiganiwa kwa zaidi ya miaka mia moja katika dola ya Bizanti, imeingia mifukoni mwa watu wa Machakos bila kubisha hodi. Ukitaka kuielewa teolojia hiyo, njia fupi ni kuanza na jinsi ikoni inavyotengenezwa. Vitabu vya ibada vije baadaye.

Mchoraji wa ikoni haanzi na rangi. Huchukua ubao mkavu, akaukwaruza ili ushike, akaupaka gundi ya moto, kisha akalaza juu yake kitambaa cha kitani au pamba na kukikandamiza kwa viganja mpaka viputo vyote vya hewa vitoke. Juu ya kitambaa hupaka chaki iliyokorogwa na gundi, tabaka juu ya tabaka, pengine nane, pengine kumi, akisugua mpaka uso uwe laini kama ganda la yai. Ndipo dhahabu huja. Baada ya dhahabu huja rangi, udongo na mawe yaliyosagwa na kuchanganywa na kiini cha yai. Mtazamaji haoni kitambaa kamwe. Kazi ya kitambaa hicho ni kazi ya bitana katika koti: mbao hufutuka na kunywea kwa hali ya hewa, na bila kitambaa katikati chaki ingepasuka, na uso wa mtakatifu ungepata nyufa. Fundi yeyote wa cherehani angeielewa kazi hiyo kwa kuelezwa mara moja.

Mapokeo nayo yanasema ikoni ya kwanza kabisa ilikuwa kitambaa. Mfalme Abgari wa Edesa alikuwa mgonjwa, akatuma mjumbe amletee sura ya Yesu. Yesu akanawa uso, akajifuta kwa kitambaa, na sura ikabaki humo. Kitambaa kilichoaminiwa kuwa ndicho hicho kilipelekwa Konstantinopoli mwaka 944 kwa maandamano makubwa, na watu wakakiita picha isiyofanywa kwa mikono. Kanisa la Magharibi lina simulizi pacha yake: Veronika, anayesimama katika kituo cha sita cha Njia ya Msalaba, akimpangusa Yesu uso na kubaki na sura yake kwenye shela. Mwanahistoria ana haki ya kuyatilia shaka yote mawili. Hata hivyo, watu waliotaka kusimulia asili ya picha takatifu wangeweza kusema iliandikwa na malaika juu ya wingu, au ilichongwa katika zumaridi. Walichagua taulo. Walichagua jasho, damu, maji ya kunawa, na nguo iliyokuwa karibu. Uchaguzi huo ni ushahidi, na ndio msingi wa hoja yangu hapa: maana ya kiroho ya ikoni haikai mbali na kitu kilichofanyiwa kazi na mikono ya watu. Ikoni inadai kwamba maada, ikisha kupita mikononi, yaweza kuwa na uso. Na dai hilo linasikika vizuri zaidi mahali ambapo nguo hushonwa kwa maelfu na nyuso hazihesabiwi.

EPZ ya Athi River ni mahali hapo. Sheria iliyoanzisha maeneo ya aina hiyo ni ya mwaka 1990, na AGOA, ile sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyofungua soko lake kwa nguo za Afrika, ndiyo iliyoyajaza cherehani. Jambo moja katika mpangilio wake humshangaza asiyelijua: kwa mambo ya ushuru, eneo hilo huhesabiwa kuwa nje ya mipaka ya forodha ya Kenya. Jua ni la Ukambani, upepo ni wa nyanda za Kapiti, lakini shati linaloshonwa humo limekwisha kuvuka mpaka kabla halijapakiwa kwenye kontena. Lipo hapa na halipo hapa. (Wachoraji wa ikoni wangetamani mfano kama huu. Wao pia hushughulika na vitu vilivyo katika nchi mbili kwa wakati mmoja.) Shati hilo halishonwi na mtu mmoja. Huyu anafunga kola, yule anapachika mkono, wa tatu hana kazi ila vitundu vya vifungo, na supavaisa anapita na saa akihesabu tageti ya laini. Mwishoni hushonewa lebo: saizi, nchi, na safu ya vipicha. Beseni lenye mawimbi, pembetatu, mraba wenye duara, pasi. Vipicha hivyo vilianza kupangwa na chama cha GINETEX kilichoundwa Paris mwaka 1963, ili mteja wa nchi yoyote avisome bila kujua lugha ya mshonaji. Navyo ni alama kweli, tena zinafanya kazi yake barabara. Lakini vinazungumzia tu siku zijazo za nguo, yaani ifuliwe vipi, ipigwe pasi kwa joto gani. Kuhusu ilikotoka, na ilipita mikononi mwa nani, havina neno. Ikoni ni kinyume chake. Haitoi maelekezo ya kuitunza. Inataja uso.

Hata mahali ambapo ikoni inaonekana kusema kwa mafumbo, mafumbo yake yanarudi palepale. Dhahabu ya nyuma ni nuru isiyo na chanzo, ndiyo sababu katika ikoni hakuna kivuli: hakuna jua la kutoka upande mmoja. Katika duara la mwanga kichwani mwa Kristo mna msalaba, na ndani ya msalaba herufi tatu za Kigiriki zenye maana ya Yeye Aliyepo, jina lile Musa alilolisikia kwenye kijiti. Kwa desturi Kristo huvaa nyekundu ndani na buluu nje, na Mama yake hugeuza, buluu ndani na nyekundu nje. Wafasiri husema Mungu alijivika ubinadamu, na binti wa watu akavikwa neema. Ona jinsi fumbo zito kuliko yote katika imani hii, la Mungu kuwa mtu, limeelezwa kwa lugha ya mavazi: kipi ni cha ndani, kipi cha nje. Kwenye kadi yetu buluu imekuwa nje na nyekundu imechungulia shingoni, maana si wachoraji wote walioishika kanuni hiyo. Nyota ya paji la uso imebaki.

Pingamizi la kwanza ni kubwa na halipaswi kupitwa kwa haraka, hasa Ukambani. Amri ya Kutoka 20 iko wazi. Wamisionari wa Africa Inland Mission walioanza kazi Nzaui mwaka 1895 waliacha nyuma yao kanisa lenye kuta tupu, na leo makanisa ya mabati yanayozizunguka ploti za Athi River yana spika, kinanda na mimbari, ila picha hakuna. Lugha yenyewe iko upande wao. Neno sanamu tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa tayari na maana ya kitu kinachoabudiwa badala ya Mungu, hivyo mtu anayesema sanamu ya Bikira Maria ameshashindwa nusu ya mjadala kabla hajamaliza sentensi. Na wahenga wameongeza mshale: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwaruza dhahabu, utakuta ubao.

Ni kweli utakuta ubao. Utakuta na kitambaa. Waliozitetea ikoni hawakuwahi kulikana hilo. Walijenga juu yake. Yohane wa Damasko, mtoto wa ukoo ulioshika vitabu vya kodi vya makhalifa wa Bani Umayya, aliandika utetezi wake katika karne ya 8 akiwa mbali na mkono wa Kaisari Leo III aliyekuwa akizipinga picha. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba amri ile ilitolewa wakati Mungu hajaonekana. Akishazaliwa, akishika mtoto wa mtu mkono, akila samaki, kukataa kumchora ni kukataa kwamba alikuwa na mwili. Maada haiabudiwi. Lakini haidharauliwi pia, kwa kuwa wokovu ulipitia humo. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 787 ukakata shauri: ibada ni ya Mungu peke yake, picha hupewa heshima, na heshima hiyo hupita kwenda kwa aliyechorwa. Tukirudi kwenye Kiswahili, tuna neno jingine zaidi ya sanamu. Pale Paulo anapowaambia Wakolosai kwamba Kristo ni eikon ya Mungu asiyeonekana, Biblia yetu ya Union imeweka mfano, neno lilelile linalotumika Mwanzo kwa binadamu aliyeumbwa. Mtu aliyeketi mbele ya cherehani ni mfano kabla hajawa namba kwenye laini.

Kuna tena ushahidi ambao mpinzani wa picha anao mwenyewe nyumbani. Matendo 19 inasimulia kwamba watu wa Efeso walichukua leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo wakawapelekea wagonjwa. Maneno ya Kigiriki yaliyotumika ni ya karakana: la kwanza ni kitambaa cha kufutia jasho, la pili ni aproni ya fundi. Paulo alikuwa mshona mahema, na sura ya 18 imetoka tu kutuambia hivyo. Makanisa ya Kipentekoste yanayogawa vitambaa vya upako yamesimama juu ya andiko hilo. Kuta zao ni tupu, lakini mkononi mwao mna nguo inayoaminiwa kubeba kitu kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Sioni kwamba umbali kati ya leso hiyo na kitambaa cha Edesa ni mkubwa kama wahubiri wa pande zote mbili wanavyotaka tuamini.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi. Linasema: kadi ile ni nakala ya nakala ya nakala, imechapwa kwa mashine, ina utakatifu gani? Kwa upande mmoja jibu ni rahisi. Ikoni haijawahi kuionea haya nakala. Wachoraji walirithishana vielelezo vya michoro, patani hasa, na kazi njema ilikuwa ile iliyomtoa mtakatifu atambulikane. Wengi hawakutia sahihi. Lakini neno patani linafungua mlango wa swali gumu. Kiwandani, kabla laini haijaanza, sampuli hutengenezwa na kupelekwa kwa mnunuzi ng'ambo; yeye ndiye anayeikubali, na baada ya hapo anayepotoka kwa milimita chache kazi yake hurudishwa. Sasa tuulize: ule uso wa Yesu wenye nywele za dhahabu na ngozi nyeupe, uliotundikwa kwenye kalenda na vioo vya matatu toka Busia hadi Mombasa, sampuli yake iliidhinishwa na nani? Moja ya picha zilizoenea kuliko zote ilichorwa na Warner Sallman wa Chicago mwaka 1940, na imechapwa nakala mamia ya mamilioni. Hakuna mtaguso ulioipitisha. Ilipitishwa na matbaa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na uso wa kuazima haumsitiri anayeusali. Humfundisha kimyakimya kwamba mfano wa Mungu ulikatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Ndiyo maana michoro ya Elimo Njau katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a ina uzito katika hoja hii. Njau, Mtanzania wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere, aliichora mwishoni mwa miaka ya 1950 katika kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Ni michoro mitano, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, na Yesu humo ni Mwafrika, na vilima vya nyuma ni vya pale. Baadaye Njau, mwanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, alijulikana kwa kushikilia kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Mchoraji wa ikoni angeshtuka kusikia hivyo. Hata hivyo nadhani wanakutana mbali kidogo mbele. Kanuni ya ikoni inamtaka mchoraji amtambulishe aliyechorwa; haimtaki amfananishe na jirani wa mnunuzi. Ikoni za Ethiopia zina macho makubwa ya Kihabeshi tangu karne nyingi, na hakuna aliyekosa kumtambua Maria. Machakos yenyewe ina shahidi wake: Wamunyu, kijiji cha Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akaurudisha nyumbani, na leo wachongaji wa Kikamba wanatoa mapango ya Noeli yanayouzwa duniani kote. Maria wa mti ana mtoto mgongoni, aliyebebwa kama watoto wanavyobebwa huku. Hiyo ni patani iliyofuatwa na mkono ulioachiwa nafasi.

Limebaki pingamizi la yule asemaye kwamba picha hizi hupoza watu. Kadi mfukoni ni nafuu kuliko nyongeza ya mshahara, na mwenye kiwanda angependa mafundi wake wawe na nyingi. Hapa sitaki kubishana sana, kwa kuwa kuna ukweli. Ikoni haijawahi kupandisha kiwango cha mshahara. Mchoraji kutotia sahihi kulikuwa sala. Fundi kutojulikana jina ni sehemu ya bei ya shati, na anayeyafananisha mambo hayo mawili anatia marashi kwenye dhuluma. Lakini kudai kwamba ikoni hutuliza ni kutoiangalia. Ile ya Kristo iliyohifadhiwa Sinai tangu karne ya 6, iliyochorwa kwa nta na kunusurika kwa kuwa monasteri yake ilikuwa nje ya mamlaka ya Kaisari, ina nusu mbili za uso zisizofanana: upande mmoja una upole, upande wa pili nyusi imepanda na jicho linahoji. Na mtoto wa kadi yetu ana hofu. Mama yake hajaiondoa misumari pichani ili apate usingizi. Januari 2003, wafanyakazi wa EPZ walipogoma na kumiminika barabarani muda mfupi baada ya serikali mpya kuapishwa, walidai mishahara, saa za kazi, na kutendewa kama watu. Dai la mwisho halina safu kwenye daftari la mhasibu. Lina mahali pake katika ikoni, na sidhani kuna ubishi kwamba aliyezoea kutazamwa na picha kama mtu anaweza siku moja kumtaka na msimamizi amtazame hivyo.

Baadhi ya mafundi, mbali na kadi, huvaa skapulari: vipande viwili vya sufu ya kahawia vilivyounganishwa kwa nyuzi, kimoja kifuani, kimoja mgongoni. Watu huiona kama hirizi ya Kikatoliki, na wapo wanaoivaa hivyo. Asili yake ni aproni. Kanuni ya Benedikto ya karne ya 6 iliwapa watawa skapulari kwa ajili ya kazi za mikono, wasichafue kanzu. Ikapungua karne hadi karne mpaka ikatosha kufichwa chini ya blauzi. Mara nyingi juu ya sufu hubandikwa kijipicha cha Maria kilichochapwa kwenye kitambaa, na kingo zake zimeshonwa kwa mashine, mshono wa zigizaga, na mtu fulani katika kiwanda fulani ambaye lebo haimtaji. Jioni shifti ikitoka, foleni ya upekuzi hujipanga langoni, mabegi wazi, mikono juu, ili kipande chochote cha kitambaa cha kampuni kisitoke. Skapulari hupita. Kwa Veronika jasho liliacha uso kwenye nguo. Hapa, baada ya miezi kadhaa ya joto la Athi River, upande unaogusa ngozi huanza kufifia, macho kwanza, kisha ushungi, mpaka inabaki sufu na mshono.